UCHAGUZI WA VITABU VYA USANIFU WA PROGRAMU KATIKA VYUO VYA UALIMU

UTANGULIZI

Katika vyuo vyetu vya ualimu kazi ya kuchagua vitabu imezoeleka kuwa kazi ya kuandika orodha. Idara huandika majina ya vitabu, Mkuu wa Chuo huidhinisha, mhasibu hulipa, na mkutubi hugonga mihuri. Kama vitabu hivyo vimemsaidia mwanachuo au la, hilo ni swali linaloulizwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuliuliza kuhusu somo moja tu, nalo ni usanifu wa programu za kompyuta, hasa ule unaojengwa juu ya vitu.

Naandika kama mkufunzi aliyefanya kazi katika nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kasulu na Kibondo. Nina Stashahada ya Elimu, wala sikusomea uhandisi wa kompyuta. Ninayoyasema nimeyapata darasani, na baadhi yake nimeyapata kwa kukosea.

Hoja yangu ni hii. Kitabu kinachomkuza mwanachuo katika usanifu si kile kinachomweleza tu usanifu mzuri ni upi, bali ni kile kinachomtia katika kazi ya kuibadili programu ambayo imekwisha andikwa. Uzuri au ubaya wa usanifu hauonekani siku programu inapoanza kufanya kazi. Huonekana siku mwenye programu anapokuja na haja mpya. Kwa hiyo mwanachuo asiyewahi kubadili programu hajajifunza usanifu, hata kama amesoma vitabu kumi juu yake.

MAANA YA USANIFU UNAOJENGWA JUU YA VITU

Kwa faida ya wasomaji wa masomo mengine, yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Programu ni mfululizo wa maagizo yanayopewa kompyuta. Hapo mwanzo maagizo yaliandikwa upande mmoja, na taarifa zikawekwa upande mwingine. Usanifu wa vitu huyaunganisha hayo mawili: kila kitu ndani ya programu hushika taarifa zake chenyewe na hufanya kazi zinazohusu taarifa hizo. Chukua mfano wa maktaba ya shule. Humo mna msomaji, mna nakala ya kitabu, na mna uazimaji. Nakala ndiyo ijuayo kama ipo rafuni au imetoka. Uazimaji ndio ujuao tarehe ya kurudisha. Anayetaka kuijua tarehe hiyo huuliza uazimaji, wala hapekui madaftari yote.

Vitu vya namna moja hutengenezwa kutokana na kielelezo kimoja kiitwacho klasi. Mfyatuaji matofali wa Kasulu hutumia kalibu moja kufyatua matofali mia. Kalibu si tofali, lakini kila tofali lina umbo la kalibu hiyo. Ndivyo ilivyo klasi kwa vitu vyake.

Wazo hili lilianzia Oslo, nchini Norwe, katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula ili kuigiza ndani ya kompyuta mambo yatokeayo duniani, mathalani watu wanaosubiri huduma katika foleni. Toleo lililojulikana kwa mwaka wa 1967 ndilo lililoleta klasi na urithi. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake walilikuza wazo hilo huko California kwa lugha ya Smalltalk. Leo limo katika Java, C++, Python na lugha nyingine nyingi.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yako mbali na Kibondo. Takwimu za wagonjwa ambazo zahanati na vituo vyetu vya afya huandika katika vitabu vya MTUHA huishia katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Kazi ya kuukuza huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kuutekeleza nchini mwetu. Wizara ikitaka fomu mpya au ikiongeza ugonjwa wa kuhesabiwa, haihitaji kuandika programu upya. Fomu na vipengele vyake huongezwa ndani ya mfumo kwa sababu wasanifu walitambua mapema kwamba fomu ni jambo litakalobadilika, wakalitengea mahali pake. Huo ndio usanifu ninaouzungumzia hapa, na mganga wa zahanati hunufaika nao bila kuujua.

KOSA LA KUANZIA KILELENI

Somo hili halina wazee. Mkufunzi wa Historia au wa Hisabati akikwama hupata mtangulizi wa kumwuliza, na aghalabu hupata rafuni vitabu vilivyotumiwa na vizazi viwili au vitatu. Sisi hatuna urithi huo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Umeme nao ulichelewa. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo iliwashwa kwa jenereta za dizeli, hadi mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Kwa hiyo wengi wetu tulipokabidhiwa somo tulichagua vitabu kwa kufuata sifa zao tu.

Mimi nilifanya hivyo. Chuo nilichokuwapo kilipata fedha kidogo za vitabu. Nikawauliza watu waliosoma Dar es Salaam ni kitabu gani kilicho kikubwa kuliko vyote katika usanifu wa vitu, nao wakanitajia “Design Patterns”, kilichoandikwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides na kutolewa mwaka 1994. Sifa ya kitabu hicho ni ya haki. Kinakusanya ruwaza 23, yaani namna 23 za kupanga vitu ambazo waandishi waliziona zikirudiarudia katika programu zilizofaulu, kisha kinazipa majina ili mafundi waweze kuzungumza. Wazo la ruwaza lilitoka kwa msanifu majengo Christopher Alexander, ambaye pamoja na wenzake alitoa mwaka 1977 kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba.

Fedha zote zikaishia katika nakala chache za kitabu hicho. Zilipofika niliandika ubaoni majina yote 23, moja baada ya jingine, pamoja na maelezo mafupi ya kila moja. Wanachuo wakayatungia wimbo, wakayakariri, na katika mtihani wa muhula karibu wote wakafaulu. Nilijiona mkufunzi hodari.

Muhula uliofuata niliwapa kazi ya vikundi: kuandika programu ya uazimaji wa vitabu kwa ajili ya maktaba. Kanuni ilikuwa moja tu, kwamba kila msomaji huazima vitabu viwili kwa wiki mbili. Vikundi vyote viliandika, na programu zao zikafanya kazi. Kisha mkutubi akaja darasani na haja zake. Alisema wakufunzi huazima vitabu vitano kwa muhula mzima; tena majarida hayatoki nje kabisa; tena wakati wa mitihani muda hupunguzwa kuwa siku tatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanuni ya vitabu viwili na wiki mbili ilikuwa imetapakaa kila mahali katika maandishi yao: katika sehemu ya kuazima, katika sehemu ya kurudisha, katika sehemu ya kutoza faini, hata katika sehemu ya kuchapa ripoti. Waliporekebisha mahali pamoja, pengine palivunjika. Baada ya wiki mbili vikundi vingi vilikuwa vimeacha kurekebisha na kuanza upya. Kikundi kimoja tu, cha wanachuo watatu, kilimaliza siku ileile. Nilipowauliza walifanyaje, walijibu kwamba walichoka kuandika kanuni ileile mara nyingi, wakaamua kuiweka peke yake kama kitu kinachojitegemea, na kila sehemu ya programu ikawa inakiuliza. Hawakujua kwamba jambo hilo lina jina. Nalo lilikuwamo miongoni mwa majina 23 ambayo darasa zima, wao pamoja, lilikuwa likiyaimba.

Usiku ule niliufungua utangulizi wa kitabu, ambao nilikuwa nimeuruka. Waandishi wenyewe wanaeleza waziwazi kwamba kitabu chao si cha mwanzo, na kwamba wanamtarajia msomaji awe anaimudu angalau lugha moja ya vitu na awe na uzoefu kidogo wa kusanifu. Mifano yao imo katika C++ na Smalltalk. Wanachuo wangu hawakuijua hata moja kati ya hizo mbili. Nilikuwa nimempa mtoto asiye na meno ugali wa muhogo, kisha nikashangaa kwamba hakumeza. Kosa lilikuwa la mkufunzi, kwa sababu kitabu kilikuwa kimemwonya naye hakusoma onyo.

VIPIMO VINNE VYA KUCHAGULIA

Kutokana na mambo hayo nimejiwekea vipimo vinne, ambavyo nawapa wakufunzi wenzangu wavijaribu.

Kwanza, tuulize kama kitabu kinaanza na programu yenye kasoro na kuibadili hatua kwa hatua, kikitoa sababu ya kila hatua. Kitabu kinachoonyesha programu iliyokwisha nyooka humfanya mwanachuo aamini kwamba wenye akili huandika vizuri mara moja. Ukweli ni kwamba hakuna aandikaye hivyo.

Pili, tuulize kama mazoezi yake yanafanyika kwa vifaa tulivyo navyo. Wanachuo sita wakitumia kompyuta moja, mtandao ukija na kwenda, na umeme ukikatika mchana, kitabu kinachodai intaneti katika kila ukurasa ni mapambo tu.

Tatu, tuulize kama kitabu kinataja gharama ya kila ushauri. Kila namna ya kupanga vitu hutoa jambo moja na kuchukua jingine. Kuitenga kanuni ya uazimaji kulirahisisha mabadiliko, lakini kulimlazimu msomaji wa programu afungue mahali pawili badala ya pamoja. Kitabu kinachosifu bila kutaja hasara ni tangazo la biashara.

Nne, tuulize kama nakala za kutosha zinaweza kupatikana kwa njia halali. Kitabu chenye nakala moja kwa wanachuo arobaini ni kitabu cha mkufunzi, si cha darasa. Hapa tuwatambue waandishi ambao kwa hiari yao wameruhusu vitabu vyao vinakiliwe na kugawiwa bila malipo.

Msomaji ataona kwamba sikuutaja umri wa kitabu. Umri una maana katika vitabu vya kufundishia chombo fulani, kwa kuwa chombo kikibadilika kitabu hufa. Lakini katika usanifu, makala ya David Parnas ya mwaka 1972, ambayo ina kurasa sita tu, bado yanafundisha kuliko vitabu vingi vya karibuni. Parnas anachukua programu moja ndogo, anaigawa kwa njia mbili, na kuonyesha kwamba njia iliyo bora ni ile ambayo kila sehemu inaficha ndani yake uamuzi mmoja unaoelekea kubadilika. Laiti ningaliwasomesha wanachuo wangu kurasa hizo sita kabla ya zile ruwaza 23, wangalijua mahali pa kuiweka kanuni ya mkutubi.

MPANGO WA VITABU

Kwa vipimo hivyo napendekeza vitabu vichache, visomwe kwa mpango.

Hatua ya kwanza ni kuijua lugha moja. Hapa “Think Python” cha Allen Downey kinafaa. Mwandishi, ambaye ni mwalimu wa Marekani, anaeleza kwamba alianza kuandika vitabu vyake kwa sababu vile vilivyokuwapo vilikuwa vinene mno na wanafunzi wake hawakuvisoma. Akaandika kifupi, akawataka wakisome kweli. Hilo ni fundisho la ualimu kabla ya kuwa la kompyuta. Zaidi ya hayo, ameruhusu kitabu kinakiliwe bila malipo, mradi isiwe kwa biashara. Chuo kikikipata mara moja, kinaweza kukichapa kwa sura, na kila mwanachuo akapata nakala yake. Sura za vitu zimo katika nusu ya pili, mkufunzi asizikimbilie.

Hatua ya pili ni kuzoea vitu. “Objects First with Java” cha David Barnes na Michael Kölling kinafuata njia ambayo sijaiona katika vitabu vingi: tangu sura za mwanzo mwanachuo hupewa programu iliyokwisha andikwa, naye huitazama, huijaribu, kisha huibadili na kuiongezea. Kimefungamana na chombo kiitwacho BlueJ, ambacho hutolewa bure, hufanya kazi bila mtandao, na huonyesha klasi kwa michoro. Kitabu chenyewe ni ghali, kwa hiyo nakala mbili au tatu za wakufunzi zatosha, maana mazoezi yake yanaweza kuandikwa ubaoni.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo, ni “Refactoring” cha Martin Fowler, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Kazi yake ni kufundisha kunyoosha programu, yaani kubadili umbo la ndani bila kubadili kazi inayofanywa. Kinaanza na mfano mmoja: katika toleo la kwanza ni programu ya duka linalokodisha kanda za video, na katika toleo la pili la mwaka 2018 ni bili za kikundi cha waigizaji. Programu ya mwanzo inafanya kazi lakini imevurugika. Mwenye duka anataka jambo jipya. Mwandishi anaigeuza kwa hatua ndogo ndogo, na baada ya kila hatua anaijaribu ili ajue kwamba hakuharibu kitu. Mfano huo ni ndugu wa maktaba yetu. Nilipoufundisha, mwanachuo mmoja alisema, “Mwalimu, kumbe na sisi tungaliweza kuiokoa ile programu yetu bila kuanza upya.” Naam, tungaliweza. Toleo la kwanza limeandikwa kwa Java na la pili kwa JavaScript. Chuo kichague kulingana na lugha inayofundishwa.

Hatua ya nne ndiyo “Design Patterns”. Kitabu hiki kikae katika maktaba kama kamusi. Mwanachuo akifanya jambo jema kwa mkono wake, mkufunzi amwonyeshe humo jina la jambo hilo, masharti yake na hasara zake, kwa sababu waandishi wamezitaja hasara kwa uaminifu. Wale wanachuo watatu wangalionyeshwa ukurasa wao, wangalijua kwamba wamefika mahali walipopita wengine.

KADI ZA MANILA

Kuna chombo kimoja kisichodai umeme wala ununuzi wa kitabu. Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walichapisha makala mafupi kuhusu kufundisha fikra za vitu kwa kutumia kadi. Kila kadi ina sehemu tatu: jina la klasi, majukumu yake, na majina ya klasi zinazosaidiana nayo. Washiriki hushika kadi, kisha hulipitia tukio moja kwa maneno, kila mmoja akijibu kwa niaba ya kadi yake.

Nililiona jambo hili likifanyika vizuri katika shule moja ya sekondari ya Kibondo, nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mwalimu mwanafunzi aliyepangiwa kipindi alinipokea mlangoni, akasema, “Shikamoo Mkufunzi. Kompyuta hazitawaka leo, lakini somo lipo.” Alikuwa amekata manila vipande vipande, akawagawia wanafunzi watano kadi za Mkutubi, Msomaji, Nakala, Uazimaji na Faini. Kisha akasema, “Juma amechelewesha kitabu siku nne. Anzeni.”

Msichana aliyeshika kadi ya Mkutubi alisema, akasema, na kusema tena. Alitafuta tarehe, akahesabu siku, akakokotoa faini, akabadili hali ya nakala. Wenzake wanne walisimama wakimtazama. Baada ya muda mvulana mwenye kadi ya Faini akauliza, “Mwalimu, mimi nina kazi gani hapa?” Darasa likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alimgeuzia swali Mkutubi: “Ni kazi gani kati ya zako ambayo Faini angeifanya vizuri kuliko wewe?” Kuanzia hapo wakagawana upya. Kipindi kilipokwisha kila kadi ilikuwa na mstari mmoja au miwili ya majukumu, na Mkutubi alikuwa akiuliza tu na kupokea majibu.

Kasoro ile, ya kitu kimoja kubeba kazi zote, ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika programu za wanaoanza. Katika kompyuta hufichika. Kwa kadi ilionekana kwa macho, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa anachoka na wanne wamekaa bure.

SUALA LA LUGHA

Vitabu nilivyovitaja vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha wengi wa wanachuo wetu hakitoshi kuvibeba. Wapo wenzetu walioonyesha kwamba Kiswahili kinaiweza kazi hii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2004, uliziweka programu za ofisini katika Kiswahili. Hata hivyo katika usanifu istilahi bado ni chache, na zilizopo zina mitego.

Mtego mkubwa ni neno urithi. Katika programu, klasi moja hurithi sifa za nyingine ili zisiandikwe mara mbili. Lakini mwanachuo wa nyanda zetu akisikia urithi huwaza mzazi aliyefariki, mali inayogawanywa, na ndugu wanaozozana juu ya shamba la migomba. Nimeulizwa darasani, “Klasi mama ikisharithiwa inabaki na nini?” Jibu ni kwamba inabaki na vyote, na watoto nao wanapata vyote. Huo si urithi wa shamba. Unakaribia zaidi ufanani wa sura kati ya mama na binti. Tena mama akibadilika leo, binti naye hubadilika papo hapo, hata kama hakutaka. Ndiyo sababu waandishi wa “Design Patterns” wanashauri kwamba mara nyingi ni heri kuunganisha vitu vinavyosaidiana kuliko kurundika urithi juu ya urithi. Mkufunzi asipolieleza jambo hili kwa Kiswahili, mwanachuo atalisoma kwa Kiingereza na kulielewa kwa maana ya shamba.

Kwa hiyo kila kitabu kinapoingia darasani kiambatane na faharasa ya maneno hamsini au sitini, iliyoandikwa na mkufunzi pamoja na wanachuo wenyewe. Kazi hiyo peke yake ni somo.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo wasemao kwamba vitabu vimepitwa na wakati, kwani kila kitu kimo mtandaoni, na siku hizi kompyuta yenyewe huweza kuandika programu ukiiomba. Sikatai kwamba mambo hayo yapo. Lakini mtandao humjibu aulizaye, na asiyejua kasoro ya programu yake hajui la kuuliza. Tena programu iliyoandikwa na mashine itakuja kubadilishwa, na mtu wa kuamua ibadilishwe wapi ni yule aliyefunzwa kuona. Kwa hiyo haja ya kujua usanifu imeongezeka.

Wengine husema kwamba mwalimu wa sekondari hahitaji usanifu. Yatosha ajue kuchapa barua na kupanga matokeo. Kwa hao najibu kwamba mwalimu huyo ndiye atakayewafundisha watoto kuandika programu, na mtoto huiga mazoea ya kwanza. Mwalimu akifundisha kutapanya kanuni moja mahali kumi, mtoto ataibeba tabia hiyo hadi kazini, pengine katika ofisi inayotunza kumbukumbu za wagonjwa.

Wapo pia wasemao kwamba chuo cha pembezoni kingoje vitabu vya msaada. Masanduku ya msaada nimeyafungua. Mara nyingi nimekuta miongozo ya programu ambazo hazitumiki tena, minene na mizuri kwa sura. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tuunganishe masomo na kazi halisi ya mahali tulipo. Anayetaka kulitimiza hilo hawezi kumwachia mgeni amchagulie vitabu.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, napendekeza mambo manne. Kwanza, idara yoyote kabla ya kuagiza kitabu cha usanifu imteue mkufunzi mmoja akisome utangulizi wake pamoja na sura moja, kisha awafundishe wenzake sura hiyo. Isipofundishika, kitabu kisiagizwe. Pili, sehemu ya fedha za vitabu itengwe kwa ajili ya karatasi na wino, ili vitabu vilivyoruhusiwa kunakiliwa vimfikie kila mwanachuo. Tatu, kazi ya vikundi isihesabiwe kuwa imekwisha hadi mtu wa nje, kama vile mkutubi, mhasibu au mganga wa zahanati ya jirani, aje na haja mpya na programu ibadilishwe mbele yake. Alama nyingi ziwe katika badiliko hilo. Nne, vyuo vya Kasulu na vingine vya mkoa vibadilishane faharasa na mazoezi, ili mkufunzi mgeni asianze na rafu tupu kama nilivyoanza mimi.

Zile nakala nilizonunua bado zipo, na bado ni nzuri. Siku hizi hazitoki rafuni hadi mwanachuo aje na programu yake mkononi, aseme ameibadili hapa na hapa, na aulize kama kuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo.